MAJILIO: Majuma manne ya kumtayarishia Bwana njia

JUMAPILI iliyo karibu zaidi na Novemba 30, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Andrea, mapadre wa Kanisa Katoliki na makasisi wa Kanisa la Kianglikana hupanda madhabahuni wakiwa wamevalia mavazi ya zambarau. Hakuna tarumbeta inayopigwa wala fataki zinazofyatuliwa, lakini kwa hesabu ya makanisa hayo, mwaka mpya huwa umekwisha kuanza.

Kipindi kinachofunguliwa siku hiyo huitwa Majilio. Ni muda wa Jumapili nne ambao Wakristo wameutenga ili kuitayarisha mioyo yao kumpokea Kristo, nao hukoma jioni ya Desemba 24 ibada za mkesha wa Krismasi zinapoanza.

Nchini Kenya, hata hivyo, Majilio huangukia majuma yenye pilkapilka nyingi kuliko yote katika mwaka. Shule huwa zimefungwa, Sikukuu ya Jamhuri huadhimishwa Desemba 12, harusi hufululizana kila Jumamosi, na kufikia katikati ya mwezi vituo vya magari jijini Nairobi hufurika abiria wanaoelekea mashambani. Katika maduka makubwa, nyimbo za Krismasi huanza kusikika mwezi wa Novemba.

Si ajabu basi kwamba waumini wengi huifikia Desemba 25 wakiwa wachovu na mifuko mitupu, ilhali hawawezi kueleza walikuwa wakijitayarishia nini hasa.

Maana ya jina

Neno Majilio limetokana na kitenzi 'kuja' katika umbo lake la kutendea. Halimaanishi kuja tu, bali kumjia mtu. Ndani ya jina lenyewe mna yule anayekuja na yule anayejiwa.

Kwa Kilatini kipindi hiki huitwa Adventus. Katika dola ya Kirumi neno hilo lilitumiwa kueleza ziara rasmi ya mfalme mkuu katika mji fulani. Wakazi walitoka nje ya lango kumlaki, na kabla ya siku hiyo kuwadia barabara zilitengenezwa na mji kupambwa.

Mkenya hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Ni nani asiyewahi kuona mashimo barabarani yakizibwa usiku kucha na mawe ya kando ya njia yakipakwa chokaa, kwa kuwa mkubwa fulani anatarajiwa kesho yake? Tofauti ni kwamba chokaa hiyo husombwa na mvua ya kwanza, ilhali matengenezo yanayotakiwa wakati wa Majilio yanakusudiwa kudumu.

Waswahili nao wana msemo wao, kwamba mgeni aje ili mwenyeji apone. Kwa imani ya Wakristo, Majilio ni msemo huo huo ukichukuliwa kwa uzito wake wote.

Ni vyema pia kuondoa mkanganyiko unaozuka mara kwa mara. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi hasa katika eneo la Kisii na sehemu nyingine za Nyanza, hawakupewa jina lao kutokana na kipindi hiki wala hawakiadhimishi. Jina hilo linatokana na tumaini la kurudi kwa Kristo mara ya pili, lililokuwa kiini cha vuguvugu lililoenea Marekani katika miaka ya 1840. Kanisa lao liliundwa rasmi mwaka wa 1863.

Hesabu ya siku

Majilio hayana idadi maalumu ya siku. Jumapili ya kwanza haiwezi kutangulia Novemba 27 wala kuchelewa kupita Desemba 3. Krismasi inapoangukia Jumapili, kama ilivyokuwa mwaka wa 2022, kipindi hiki huwa na siku 28 kamili. Inapoangukia Jumatatu, kama ilivyotokea mwaka wa 2017 na tena 2023, siku hupungua hadi 22, na Jumapili ya nne ndiyo huwa Desemba 24 yenyewe.

Kwa Wakatoliki, kipindi hiki kina sehemu mbili. Kuanzia mwanzo hadi Desemba 16, masomo na sala huelekezwa zaidi kwenye kurudi kwa Kristo siku ya mwisho. Kuanzia Desemba 17 hadi 24, macho hugeuzwa kuelekea Bethlehemu.

Mpangilio huo huwashangaza wengi wanaofika kanisani Jumapili ya kwanza wakitarajia kusikia habari za mtoto mchanga na wachungaji. Badala yake, wao husomewa habari za mwisho wa dunia, za mwizi anayekuja usiku, na za watumishi ambao hawajui saa atakayorudi bwana wao.

Ujio mara tatu

Tangu karne ya 4, walimu wa Kanisa wamefundisha kuwa Kristo ana ujio mara mbili. Askofu Sirili wa Yerusalemu aliwaeleza waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo kwamba ujio wa kwanza ulikuwa wa unyenyekevu na usioonekana na wengi, na kwamba wa pili utakuwa wa utukufu mbele ya watu wote.

Karne nane baadaye, mtawa Bernardo wa Clairvaux, aliyezaliwa mwaka wa 1090 na kufariki 1153, aliongeza ujio mwingine katikati ya hizo mbili. Huu, alisema, hufanyika kila siku, kwa siri, ndani ya moyo wa mtu aliye tayari kuupokea. Katika ujio wa kwanza Kristo ni mkombozi, katika wa mwisho ni uzima, na katika huu wa kati ni faraja na pumziko la binadamu.

Mafundisho ya Bernardo yana umuhimu mkubwa kwa yeyote anayetaka kuelewa matayarisho ya kiroho ni nini. Ujio wa kwanza umekwisha pita na hakuna awezaye kuutayarishia. Ujio wa mwisho hakuna ajuaye siku yake. Uliobaki ni huo wa kati, na ndio pekee ambao mtu anaweza kuuandalia nafasi leo jioni, nyumbani kwake.

Chimbuko la kipindi hiki

Majilio hayakuanzishwa siku moja kwa amri ya mtu mmoja. Dalili za mwanzo zinapatikana nchini Uhispania, ambako mtaguso wa Zaragoza wa mwaka wa 380 uliwataka waumini wasikose kanisani kuanzia Desemba 17 hadi sikukuu ya Epifania, Januari 6.

Nchini Ufaransa, Askofu Perpetuus wa Tours aliagiza katika karne ya 5 kwamba watu wafunge siku tatu kila juma kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martini, Novemba 11, hadi Krismasi. Mtaguso wa Mâcon wa mwishoni mwa karne ya 6 ulizitaja siku zenyewe kuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwa muda mrefu, kwa hivyo, Majilio yalifanana sana na Kwaresima.

Roma ilikuwa na desturi yake. Papa Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kutoka mwaka wa 590 hadi 604, aliacha mahubiri ya kipindi hiki, na desturi ya Kirumi ya Jumapili nne ndiyo iliyoenea hatimaye katika sehemu kubwa ya Magharibi. Jimbo la Milan, nchini Italia, hadi leo huadhimisha majuma sita.

Kwa Wakristo wa Mashariki, mfungo haukulegezwa. Waorthodoksi walio chini ya Upatriaki wa Aleksandria, wakiwemo wale wa Kenya, hufunga siku 40 kuanzia Novemba 15. Katika nchi jirani ya Ethiopia, waumini wa Kanisa la Tewahedo hujiepusha na nyama, mayai na maziwa kuanzia mwezi wa Novemba hadi Krismasi yao ya Januari 7, na mfungo huo huitwa mfungo wa manabii. Mtu anayedhani kuwa kujinyima chakula kabla ya Krismasi ni jambo la kale lililosahaulika angefanya vyema kuvuka mpaka wa Moyale.

Kanisa Katoliki halilazimishi mfungo wakati wa Majilio siku hizi. Kanuni za mwaka wa liturujia zilizotolewa mwaka wa 1969 hukieleza kipindi hiki kuwa cha kungoja kwa ibada na kwa furaha. Kuondolewa kwa sheria, hata hivyo, hakukuondoa haja, na wapo waumini ambao kwa hiari yao hufunga Jumatano na Ijumaa na kukitoa kile walichokiokoa kwa wenye njaa.

Yanayoonekana kanisani

Zambarau ni rangi ya toba na pia ya ufalme. Wakati wa Majilio wimbo wa Utukufu hauimbwi katika Misa za Jumapili, ili siku utakaposikika tena usiku wa Krismasi, wimbo ambao kwa mujibu wa Injili uliimbwa kwanza na malaika, upokewe kama kitu kipya. Aleluya, tofauti na wakati wa Kwaresima, huendelea kuimbwa. Maua hupunguzwa.

Jumapili ya tatu huitwa Gaudete, yaani furahini, na padre huweza kuvaa mavazi ya rangi ya waridi. Parokia nyingi hazina mavazi hayo, nayo si lazima.

Karibu na madhabahu huwekwa shada la majani mabichi lenye mishumaa minne, mmoja ukiwashwa kila Jumapili. Wengi hudhani desturi hiyo ni ya tangu enzi za mitume. Ukweli ni kwamba ilianza katika nyumba ya watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka wa 1839. Mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa amechoshwa na maswali ya watoto hao waliotaka kujua kila siku Krismasi ingefika lini. Alichukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na minne mikubwa myeupe kwa Jumapili, ili wahesabu wenyewe. Wakatoliki waliipokea desturi hiyo katika karne ya 20.

Sauti kutoka jangwani

Anayetawala Majilio si Mariamu wala Yusufu bali Yohana Mbatizaji. Jumapili ya pili na ya tatu ni zake, iwe mwaka wa kusomwa Injili ya Mathayo, ya Marko au ya Luka, kwani masomo hufuata mzunguko wa miaka mitatu.

Yohana anatokea jangwani akikariri ujumbe wa nabii Isaya kuhusu njia inayopaswa kunyooshwa, mabonde yanayopaswa kujazwa na vilima vinavyopaswa kushushwa. Umati unamwendea mtoni Yordani, na katika Injili ya Luka, sura ya tatu, watu wanamuuliza swali ambalo kila muumini angepaswa kuliuliza mapema Desemba. Wanataka kujua wafanye nini.

Majibu yake ni mafupi na hayana mapambo. Mwenye nguo mbili amgawie asiyekuwa nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wanaambiwa wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wanakatazwa kuwapora watu kwa vitisho na kuwasingizia makosa, na kutakiwa kutosheka na mishahara yao.

Yafaa kuyatazama majibu hayo kwa makini. Katika yote matatu, hakuna hata moja linalotaja kuongeza sala, kwenda hekaluni au kutoa sadaka kwa kuhani. Vilevile, hakuna aliyeagizwa kuacha kazi yake. Mtoza ushuru anabaki katika meza yake na askari katika lindo lake, ila waifanye kazi hiyo bila dhuluma.

Kwa maneno mengine, kila kundi liliambiwa jambo moja linalohusu mahali hasa panapolijaribu. Askari hakuambiwa asidai ushuru wa ziada, wala mtoza ushuru hakuambiwa asipore watu kwa silaha.

Iwapo Yohana angesimama leo kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru katika juma la mwisho kabla ya Krismasi, hangekosa wa kumuuliza. Mwenye matatu anayepandisha nauli maradufu kwa kuwa anajua abiria hana njia nyingine angepata jibu lake. Afisa wa trafiki anayengoja 'chai' angepata lake. Mwajiri anayempa mfanyakazi wa nyumbani likizo ya Krismasi bila kumlipa mshahara wa miezi miwili, kisha akamfungia kitenge kwenye karatasi ya zawadi, angepata la kumtia haya.

Hapa ndipo mahubiri mengi ya Desemba hupungukiwa. Huwataka watu wamtayarishie Kristo mahali moyoni, jambo lililo sahihi, lakini hayawaelezi kwamba njia ya kuufikia moyo huo hupitia mfukoni, ofisini na jikoni.

Kitubio na kurudisha

Kwa Wakatoliki, hatua kuu ya kujitayarisha ni sakramenti ya Kitubio. Tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka wa 1215, muumini hutakiwa kuungama dhambi zake kubwa angaa mara moja kwa mwaka, na wengi huchagua majuma haya au yale ya Kwaresima.

Hatua zake ni kuichunguza dhamiri, kujuta, kuungama mbele ya padre na kutimiza malipizi. Padre amefungwa kabisa asitoboe siri ya aliyoyasikia. Katika parokia nyingi huandaliwa ibada ya toba ya pamoja ambapo mapadre kadhaa hualikwa kusikiliza maungamo, kwa maana padre mmoja mwenye vigango vingi hawezi kuwafikia wote. Anayengoja hadi Desemba 24 aghalabu hukuta foleni ndefu na padre aliyechoka, na ungamo la kukurupuka halimfai yeyote.

Waanglikana huungama pamoja kwa sala ya jumla wakati wa ibada, ingawa desturi yao inaruhusu pia maungamo ya faragha kwa anayehitaji.

Lipo jambo moja ambalo hupuuzwa mno. Kwa mafundisho ya Kanisa, ondoleo la dhambi haliondoi wajibu wa kurekebisha madhara. Aliyeiba anapaswa kurudisha, na aliyemchafulia mwenzake jina anapaswa kulisafisha kadiri awezavyo. Mtu anaweza kuondoka kwenye kiti cha maungamo akiwa amesamehewa, na bado akawa na deni la kulipa kabla ya giza kuingia.

Hali hii huwa nzito zaidi kwa wale wanaorudi mashambani. Krismasi nchini Kenya huwakutanisha ndugu ambao huenda hawajaonana mwaka mzima, na pamoja nao hukutana mizozo ya mashamba, mikopo ambayo haikulipwa na maneno yaliyosemwa kwenye matanga ya mwaka uliopita. Simu inayopigwa mapema Desemba kwa ndugu aliyekosewa ni tayarisho la kiroho sawa na novena yoyote. Anayeahirisha mazungumzo hayo hadi siku ya sikukuu, mbele ya wageni na labda chupa mbili tatu za pombe, hujihatarisha kuyaharibu zaidi.

Waliongoja gerezani

Katika mwaka wa Mathayo, Jumapili ya tatu humkuta Yohana Mbatizaji akiwa gerezani. Mtu yule yule aliyetangaza kwa sauti kuu sasa anawatuma wanafunzi wake wakamuulize Yesu kama kweli ndiye aliyekuwa akitarajiwa au wamngoje mwingine. Kanisa halikulificha shaka hilo, bali lililiweka katikati ya Majilio, siku ya rangi ya waridi.

Huenda ndiyo sababu baadhi ya maandishi mazito kabisa kuhusu kipindi hiki katika karne ya 20 yalitoka gerezani. Mchungaji wa Kilutheri Dietrich Bonhoeffer, aliyetiwa mbaroni na utawala wa Hitler mwezi wa Aprili 1943, alimwandikia rafiki yake barua mwezi wa Novemba mwaka huo akiwa katika gereza la Tegel, Berlin. Alilinganisha chumba cha gereza na Majilio: mfungwa hungoja, hutumaini, hufanya hili na lile lisilo na uzito mkubwa, lakini mlango umefungwa na waweza kufunguliwa kutoka nje tu. Aliuawa Aprili 9, 1945.

Mwaka mmoja baada ya barua hiyo, katika gereza hilo hilo, padre Mjesuiti Alfred Delp aliandika tafakari zake za Majilio huku mikono yake ikiwa imefungwa pingu. Vipande vya karatasi vilitolewa nje kwa siri. Mnamo Desemba 8, 1944, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, aliweka nadhiri zake za mwisho za kitawa humo humo gerezani. Alinyongwa Februari 2, 1945.

Delp alishikilia kuwa Majilio ni wakati wa kutikiswa. Kwa maoni yake, mtu ambaye hajatikiswa, ambaye bado anajidanganya kwamba mambo yake yote ni shwari, hana anachokingojea. Maneno hayo hayafanani na kadi za Krismasi, lakini aliyeyaandika hakuwa na nafasi ya kujipendekeza kwa msomaji.

Kwa mgonjwa anayesubiri matokeo ya vipimo hospitalini, kwa mahabusu anayesubiri kesi isiyotajwa, na kwa kijana aliyetuma maombi ya kazi mara hamsini bila kujibiwa, kungoja si zoezi la kidini la majuma manne. Wao wanakijua kipindi hiki kuliko wanaokihubiri, na parokia zinazowatembelea wafungwa na wagonjwa mwezi wa Desemba hujifunza kutoka kwao angalau kama zinavyowapa.

Nyumbani na katika jumuiya

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, ndizo zinazowafaa wengi wakati huu. Wanajumuiya hukutana katika nyumba za wenzao kwa zamu na kuyasoma masomo ya Jumapili inayofuata. Swali la wale waliomwendea Yohana, kuhusu wafanye nini, hujibiwa vyema zaidi hapo kuliko kanisani, kwa sababu majirani wanajuana.

Nyumbani, baadhi ya familia husoma Injili ya Luka. Ina sura 24, na anayeanza Desemba 1 kwa kusoma sura moja kila jioni huimaliza mkesha wa Krismasi. Wengine huwawashia watoto mshumaa mezani kama alivyofanya Wichern, na penye umeme unaopotea mara kwa mara, mshumaa huwa na kazi mbili.

Kuanzia Desemba 17 hadi 23, sala ya jioni ya Kanisa hupambwa kwa antifona saba za kale, moja kila siku, kila moja ikimwita Kristo kwa jina tofauti: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa na Emanueli. Herufi za kwanza za majina hayo kwa Kilatini, zikisomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, huunda maneno mawili yenye maana ya 'kesho nitakuwapo'. Iwapo watunzi walikusudia hivyo au la, watawa wa kale walilifurahia fumbo hilo.

Wasioadhimisha

Si Wakristo wote nchini wanaofuata kalenda hii. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayana Majilio, na hoja yao ni kwamba kila siku ni siku ya kumngoja Bwana. Mapokeo ya Kipresbiteri, yaliyoletwa nchini na wamishonari wa Scotland mwishoni mwa karne ya 19, nayo yalizitilia shaka sikukuu za kanisa kwa muda mrefu. Nchini Scotland kwenyewe, Krismasi haikufanywa kuwa siku ya mapumziko ya umma hadi mwaka wa 1958.

Hoja yao ina uzito, maana kalenda yaweza kugeuka mazoea matupu. Walakini, wanaoitetea husema kwamba kinachoachiwa kila siku mara nyingi huishia kutofanywa siku yoyote, na kwamba mkulima naye hujua mvua inaweza kunyesha mwezi wowote, lakini hulitayarisha shamba lake kabla ya vuli.

Jioni ya mwisho

Desemba 24 adhuhuri, zambarau bado iko madhabahuni. Inapokuwa Jumapili, shughuli huwa ngumu zaidi: asubuhi huadhimishwa Jumapili ya nne ya Majilio kwa mshumaa wake wa mwisho, na baada ya saa chache kanisa lilo hilo hutakiwa kuwa jeupe kwa ajili ya mkesha. Hali hiyo itatokea tena mwaka wa 2028. Akina mama wanaopamba madhabahu, vijana wanaojenga pango kwa majani ya migomba, na wanakwaya wanaofanya mazoezi ya wimbo wa Utukufu ambao haujaimbwa kwa majuma kadhaa, wote huwa mle ndani kwa pamoja, wakipishana na ngazi na ndoo za maji. Hori huwekwa mahali pake mapema. Sanamu ya mtoto huachwa nje hadi usiku.